Marehemu Hakubagua Mtu

Mwezi uliopita nilikutana na Bi. Hensley, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo hata wanangu wameigundua. Aliletwa na mpwa wake kufanya mazoezi ya goti kwenye kituo cha wazee ninapofanya kazi, hapa Houston, si mbali na Gulfton ninapoishi. Nikasoma jina kwenye karatasi, nikamtazama mwenyewe, nikasema moyoni haiwezekani. Amekonda, nywele zote nyeupe, lakini macho ni yale yale, macho ya mwalimu anayejua kwamba hukufanya kazi ya nyumbani. Akanitazama kwenye beji, akanitazama usoni, akaliita jina langu lote, Consolata, akilivuta kama alivyokuwa akilivuta zamani. Nikangoja aniulize habari za watoto, mume, afya. Wapi! Aliniuliza jambo moja tu: "Ulikuja kukipata?" Nikamjibu, ndiyo Miss, cheti nilikipata, kile cha watu wazima, baada ya miaka minne. Akatikisa kichwa. "Miaka minne," akasema, "kwa ajili ya yule mtu." Na mimi, mama wa watoto watatu, nikahisi joto likinipanda shingoni kama msichana. Kwa ajili ya yule mtu! Mtu aliyekufa karibu miaka mia kabla sijazaliwa, tena upande mwingine wa dunia.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazimsaidii msomaji. Itoshe kusema nilifika Garland, hapahapa Texas, nikiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi kule Kigoma, nikakaa kwa Baba Mdogo Bonifasi. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na ishirini na moja, nakaa darasa moja na watoto wa miaka kumi na saba waliokuwa wakiniita shangazi wakidhani sisikii. Sheria ilikuwa hivi, na kila mtu nyumbani aliijua kwa moyo: mwezi wa nane nikitimiza ishirini na mbili, shule hainiandikishi tena. Nipate cheti mwezi wa sita, ama nikafunge maboksi ghalani Mesquite, mji wa jirani. Baba Mdogo alikuwa akifunga maboksi hayo. Akirudi alasiri alikuwa anakaa kwenye sofa ya kijani tuliyopewa na kanisa, anaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nyumba nzima inanuka dagaa na dawa ya mgongo, anasema, "Consolata, wewe soma. Maboksi niliyobeba mimi yanatosha ukoo mzima." Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kila siku ya Mungu, na kila siku yalinitia hofu zaidi. Nilikuwa nimefaulu masomo yote isipokuwa moja, historia na uraia, na hilo lilikuwa mikononi mwa Bi. Hensley.

Shule yetu ilikuwa na jina la mtu. Barabara iliyopita mbele yake ilikuwa na jina lilelile, na sanamu ya kichwa chake ilikaa mlangoni, pua imesuguliwa na watoto wa miaka mingi wakitafuta bahati ya mtihani. Mwezi wa kumi Bi. Hensley akatugawia kazi kubwa ya mwaka: kila mmoja aandike maisha ya mtu ambaye analisoma jina lake kila siku bila kumjua. Wenzangu wakakimbilia wachezaji na marais. Mimi nikamchukua wa mlangoni, Ambrose Tarkell, nikidhani nimeokota dodo. Nikakaa naye maktaba miezi minne. Alizaliwa Tennessee, mtoto wa fundi wa mapipa. Hakusoma chuo. Siku zile, ukitaka uwakili, ulikaa ofisini kwa wakili mkubwa, ukamfutia meza, ukamnakilia barua, ukasoma vitabu vyake, mpaka siku jaji akuulize maswali yake na kukuruhusu kusimama mahakamani. Akaja Texas na farasi mmoja na sanduku la vitabu, akapanga chumba juu ya duka la mshona matandiko ya farasi, akaanza na kesi za mipaka ya mashamba. Akachaguliwa bunge la jimbo, kisha useneta wa jimbo. Walisema alikuwa na uwezo wa kuzungumza kutwa nzima bila kunywa maji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia alipiga kura Texas ijitoe Marekani. Vilipokwisha akaomba msamaha, akasamehewa, akarudi kwenye siasa kana kwamba alikuwa ametoka nje kidogo kupunga hewa. Akaleta reli. Akafia kwenye meza yake, kalamu mkononi. Nilimpenda, nisiseme uongo. Mtu aliyejifunza sheria akinakili barua za wengine nilimwona kama ndugu, maana na mimi nilijifunza kuandika hivyohivyo.

Hapo lazima nieleze kitu. Kwetu mtu akifa, lazima asomewe wasifu kaburini. Alizaliwa lini, akabatizwa wapi, akasoma nini, akafunga ndoa na nani, akaugua nini, ameacha nani. Mtu asiyesomewa wasifu amezikwa kama mzigo. Kule kambini Baba Mdogo alikuwa katibu wa jumuiya ya kanisa, kwa hiyo kila marehemu alipita kwenye kalamu yake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nilikuwa nanakili safi kwenye karatasi ya mistari ili naye asipate shida kusoma kaburini. Nimenakili marehemu wengi kuliko barua za mapenzi. Na wote walikuwa watu wazuri, jamani! Mlevi alikuwa mcheshi. Mgomvi alikuwa mpenda haki. Mchoyo alikuwa mtu wa mipango. Na kila mmoja, lazima, kabla ya sala ya mwisho, alikuwa mcha Mungu, mkarimu, asiyebagua mtu. Sentensi hiyo mkono wangu ulikuwa unaiandika wenyewe hata nikisinzia. Basi nilipokaa kuandika maisha ya Tarkell, niliandika wasifu. Nilitafsiri tu kwa Kiingereza. Kitabu kikubwa cha maktaba kilikuwa na ukurasa kuhusu watu aliowamiliki, na mwingine kuhusu kesi ya mwanamke mmoja, Dorcas. Niliziona kurasa hizo. Nilizisoma, nikafungua nyingine. Siyo kwamba nilificha. Kwangu zilikuwa kama ule ulevi wa jirani, jambo ambalo wote wanalijua na hakuna anayelisoma kaburini.

Bi. Hensley alinirudishia karatasi mwezi wa pili, akanibakiza darasani wenzangu wakienda kula. Alikuwa mwanamke mweusi wa mashariki ya Texas, mrefu, mwenye miwani yenye mnyororo, na hakuwahi kupiga kelele. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, nayaweka hapa kwa Kiswahili. Alikuwa amezungushia duara jekundu sentensi moja.

"Nisomee hapa," akasema.

Nikasoma. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, asiyebagua mtu.

"Consolata, huyu alikuwa na watu kumi na mmoja. Hakuwaajiri. Alikuwa nao. Hukuona?"

"Niliona, Miss."

"Uliona!" Akavua miwani. "Na bado ukaandika hivi?"

"Miss, ni marehemu."

"Mtoto wewe, kila mtu kwenye somo langu ni marehemu!"

Wallahi kama ningecheka pale, pengine tungeelewana. Sikucheka. Nilimwona mwalimu asiye na adabu, anayetaka nikamtukane mtu mbele ya watoto waliomsugua pua. Akaniambia niandike upya. Akanipa hadi Ijumaa ya pili ya mwezi wa tano. Baada ya hapo alama zinapelekwa ofisini na yeye hana uwezo wa kuzirudisha. Akalirudia mara mbili, polepole, kama unavyomwambia mgeni njia. "Bila somo hili hu-graduate, cheti hupati. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa maneno.

Nyumbani nilimsimulia Baba Mdogo, miguu yake ikiwa kwenye beseni. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kwa dharau. "Mtu akishafukiwa, kesi yake imehamia juu," akasema. "Wewe ni nani uikatie rufaa?"

"Lakini atanifelisha."

"Hawezi. Atakutishia tu. Umeandika kwa heshima, na heshima haijawahi kumfelisha mtu."

"Baba Mdogo, hapa siyo kambini."

"Marehemu ni marehemu popote. Marehemu hasemwi vibaya. Mwalimu ana uchungu wake, mwachie mwenyewe."

Na mimi nikashika hilo kama mtu aliyepewa ruhusa. Leo nikikaa kwenye gari nikisubiri foleni ya barabara isogee, najiuliza ni kwa nini nilikuwa mbishi hivyo, na jibu halinipendezi. Niliogopa. Kama wasifu mmoja ni uongo, basi ile yote niliyonakili ilikuwa nini? Afadhali Bi. Hensley awe mkorofi kuliko mimi niwe nimeandika uongo tangu utotoni. Kwa hiyo wiki zikapita. Mwezi wa tatu nikasoma hesabu, ambayo sikuihitaji. Mwezi wa nne nikajifunza ku-drive. Kila nilipopita mezani kwake Bi. Hensley alikuwa ananiuliza, "Vipi?" na mimi nikajibu, "Naandika, Miss," nikiwa sijagusa kitu. Ijumaa ya pili ya mwezi wa tano nilimkabidhi karatasi ileile. Nilikuwa nimefuta sentensi moja, ile ya duara. Nikaona nimemfanyia hisani kubwa! Akaigeuza kurasa zote, taratibu, akitafuta. Kisha akaandika alama palepale mbele yangu. "Nenda," akasema. Nikaenda nimeinua kichwa, mpumbavu mimi.

Jumapili ile, baada ya misa, tulikuwa na wageni. Papa Désiré, Mkongo wa Fort Worth aliyewahi kukaa kambi moja na sisi, alikuja na familia yake, na kwa ajili yake watu walizungumza Kiswahili badala ya Kirundi. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, sombe, kisamvu chetu, inachemka, na jikoni na sebule vilitenganishwa na kaunta tu, tena mimi nikiwa nimeinama hawanioni. Baba Mdogo alikuwa akimsimulia jinsi mwalimu anavyonisumbua, akijisifu kwamba tumekataa. Nikamsikia Papa Désiré akicheka kidogo, kisha akaacha.

"Ndugu yangu Bonifasi," akasema, "lakini wewe unajua hii mambo. Unakumbuka siku ya kuzika mwenyekiti wa kambi?"

"Nakumbuka."

"Miye nilikuwa pale. Ulisoma karatasi mzuri sana. Alitetea kila familia, hakubagua mtu. Watu wote walitazama chini."

Nikaendelea kusonga, lakini mkono ulikuwa umepunguza kasi.

"Ni yeye alisema kwa wazungu wa mafaili kama shemeji yako ni mwenyeji wa kijiji cha karibu, si mkimbizi. Kwa sababu walikosana pale kwenye bomba la maji. Kweli ao si kweli?"

"Désiré, nyamaza, mtoto yuko jikoni."

"Mama ya huyu mtoto alikuwa amekaa mbele yako kabisa. Anasikiliza."

"Ningeandika nini?" Sauti ya Baba Mdogo ikawa ya mtu mdogo. "Mdogo wake ndiye aliyechukua kiti. Na sisi majina yetu yalikuwa bado yanasubiri ndege. Ningeandika nini, niambie!"

Ugali uliungua. Mimi niliambiwa siku zote kwamba faili la mama lilipotea, kosa la ofisi, litatafutwa, atafuata. Alitusindikiza hadi kwenye basi, akanifunga kitambaa kichwani, akasema nitakuja. Miezi minane baadaye tukapigiwa simu. Homa. Na huyo mwenyekiti, Mungu wangu, nilikuwa namkumbuka vizuri! Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilichora mstari chini ya jina lake kwa rula. Mama alinitazama nikinakili, akiwa anachambua maharage, akasema, "Una mwandiko mzuri, mwanangu," basi, hakuongeza neno. Nilisimama pale jikoni na mwiko mkononi, nikataka kupiga kelele, lakini sikujua nimpigie nani. Baba Mdogo? Mwenyekiti aliyeoza? Mama mwenyewe, kwa nini alinyamaza? Wageni walikula ule ugali wenye moshi, hakuna aliyelalamika, na mimi sikukaa nao.

Nilikwenda kumwandika Tarkell upya pale chini ya jengo letu, kwenye chumba cha kufulia nguo, ambako mashine ziliunguruma na hakuna aliyenisemesha. Sikubadilisha mtindo. Niliandika wasifu, kama nilivyofundishwa, lakini safari hii nikauandika wote. Marehemu Ambrose Tarkell, mtoto wa fundi wa mapipa, alijulikana jimbo zima kwa kesi ya mwanamke Dorcas, aliyeachwa huru kwa wosia wa bwana wake. Warithi walikataa wosia, wakamwajiri marehemu. Marehemu alizungumza kutwa nzima bila kunywa maji, akashinda. Dorcas na watoto wake wawili wakauzwa, kila mmoja kaunti yake. Kwa kesi hii marehemu alichaguliwa kwenda bungeni. Nikaandika majina ya wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na umri wao, kama kitabu, ambacho nilikuwa bado sijakirudisha maktaba, kilivyoyatoa. Nikaandika kwamba nilipoandika mara ya kwanza niliyaona majina haya nikayapita. Jioni nilikuwa nimemaliza. Kitu kilichonishinda miezi mitatu kilinichukua alasiri moja! Hadi leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumatatu nilimngoja Bi. Hensley mlangoni kabla hajafungua darasa. Akasoma amesimama, mkoba bado begani, funguo mkononi. Alipofika kwenye majina nikaona midomo yake inayataja. Alipomaliza hakunisifu. "Hii ilikuwa wapi siku ya Ijumaa?" akasema. "Consolata! Hii ilikuwa wapi?" Na yule mwanamke ambaye hakuwahi kupiga kelele alipiga kelele, watoto wa korido nzima wakageuka. Akanishika mkono tukaenda ofisini, akiwa mbele, mimi nakimbia nyuma. Aliwaomba. Nilimsikia akiomba kupitia mlango uliofungwa nusu, akasema ni kosa lake, angepaswa kusubiri wikendi moja. Wakamjibu kwa upole kwamba alama zimefungwa, zimepelekwa wilayani, na kwamba somo lile halina darasa la kiangazi mwaka huu kwa sababu hawana mwalimu. "Mimi ni mwalimu!" akasema. Wakamwambia bajeti. Alitoka macho mekundu, akanipita, kisha akarudi, akanirudishia karatasi. Juu yake alikuwa ameandika alama ya juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, alama isiyokwenda popote. Tangu hapo sikumwona tena hadi mwezi uliopita.

Nilifika nyumbani saa tisa. Baba Mdogo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, miguu kwenye beseni. Nikamwambia nimekosa cheti. Akayatazama maji. Kisha akasema, na najua alisema kwa wema, "Si kitu. Nitazungumza na msimamizi. Tutakuwa tunakwenda na gari moja."

Mimi si mtu wa kumjibu mkubwa. Siku ile nilijibu.

"Uliniambia heshima haijawahi kumfelisha mtu."

"Nilikuambia nilichojua."

"Ulijua zaidi ya hapo! Nilikusikia jana. Nilikuwa jikoni."

Akatoa miguu kwenye maji, akashika taulo, asiifute miguu. Nilidhani atanifokea. Ningependa anifokee. "Unataka nifanye nini, Consolata?" akasema. "Niambie, nifanye nini sasa?"

"Mama hana wasifu," nikasema. "Alizikwa na nani hatujui. Hakuna aliyemsomea chochote. Andika."

Nikamwekea daftari langu la historia na kalamu. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaandika kama alivyozoea, haraka, bila kufuta. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alikimbia vita mara mbili. Mchapakazi, mpole. Alifariki kwa homa baada ya kuugua muda mfupi. Nikasoma nikiwa nyuma ya bega lake.

"Kwa nini alikuwa bado kambini?" nikauliza.

"Consolata."

"Andika kwa nini alikuwa bado kambini."

Nje watoto wa ghorofa ya chini walikuwa wakigombana kwa Kiingereza juu ya baiskeli. Akaiangalia ile karatasi hadi nikadhani ameamua kukataa. Kisha akaliandika jina la mwenyekiti, lote, na kosa lake, bila kupamba. Akashusha mstari. Bila kuambiwa na mtu akaandika kwamba wasifu wa mwenyekiti huyo uliandikwa na Bonifasi, katibu wa jumuiya, ambaye alijua. Akasukuma daftari kwangu na kuweka kalamu juu yake, akajipangusa uso kwa ile taulo ya miguu.

"Hujamaliza," nikamwambia. "Kuna aliyenakili."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na mwandiko mzuri," nikasema, nikachukua kalamu.